Kuku wa Alhamisi

"Hivi jirani, hawa kuku wako wana kikao gani kila Alhamisi jikoni kwangu?"

Bernadeta ndiye aliyeuliza, asubuhi moja mwanzoni mwa kiangazi, amesimama uani kwake na ndoo ya uji wa kuuza kichwani, tayari kushuka mwaloni, kwenye soko la dagaa kando ya ziwa. Leonsia alikuwa anapitisha tenga la kuku kwenye mlango wa jiko la jirani yake huyo kwa ubavu, maana mlango ulikuwa mwembamba na tenga lilikuwa pana. Swali alilisikia. Akajifanya anahangaika na jogoo aliyechomoza kichwa nje.

"Wanabadilisha hewa," akasema mwishowe.

"Hewa. Kwenye moshi wangu." Bernadeta akacheka kile kicheko chake cha puani. "Haya, mayu. Ila tukumbushane: yai la Alhamisi ni la mwenye jiko."

"Nilishasema ni lako."

"Nakumbusha tu. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakukosea. Mimi napona kwa mayai."

Akashuka zake kati ya majabali, ndoo haitikisiki, akiimba kitu cha Kisukuma ambacho Leonsia hakukielewa wala hakuwahi kuuliza maana yake.

Bernadeta hakuwa mtu wa kuuliza jambo mara mbili. Alikuwa na mdomo mwepesi na mguu mwepesi zaidi: alfajiri yuko mwaloni anawauzia uji wapakuaji wa dagaa, jioni yuko Igoma kwa wajukuu zake, nyumbani anarudi kulala tu. Kanisani haendi, hili wala lile. Kwa jinsi alivyoyaona yeye mambo ya Alhamisi, jirani yake alikuwa anaficha mali watu wa kanisa wasimkatie msaada, na hiyo kwake ilikuwa akili, siyo dhambi. Yeye mwenyewe angeficha mpaka sufuria.

Lakini msaada wenyewe ulikuwa upi? Unga Leonsia alishaacha kuletewa tangu mwaka uliopita, na sabuni pia, na hata ile dawa ya mguu alikuwa anajinunulia. Hakubaki na kitu cha kushika mkononi kutoka kwenye huduma ile. Kuku wale walikuwa wanafichwa kwa ajili ya hodi moja tu, hodi ya Alhamisi.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa juu, pale njia ya Igogo inapochoka na kuwa mawe matupu. Marehemu Mutayoba aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, akiyapandisha begani siku ambazo hakuwa na injini ya boti ya kutengeneza. Alipenda juu. Alisema fundi aliyeshinda kwenye mafuta na matope anatakiwa kulala penye upepo. Basi wakalala penye upepo, wawili, maana Mungu hakuwapa mtoto, na walipokuwa wawili ule umbali haukuwa na shida. Mutayoba alipofariki kwa presha wakampeleka kwao Muleba, kama ilivyo desturi, mtu azikwe kwenye kibanja chake katikati ya migomba. Leonsia alikaa matanga, akanyolewa, akapika, akahudumia waliokuja kumlilia mume wake. Matanga yalipoanuliwa shemeji zake wakamwambia kwa upole, huku wakitazama migomba badala ya kumtazama yeye, kwamba kibanja ni cha ukoo, na mwanamke asiye na mtoto hana mgomba. Akapanda meli akarudi Mwanza na begi lake. Nyumba ya juu ya mawe angalau hakuna aliyeitaka.

Mwaka ule wa kwanza alikaa kimya mpaka sauti yake ikawa inamshtua. Siku nyingine ilifika saa za jioni ndipo anapoongea kwa mara ya kwanza, anapoanza rozari, na lile neno la kwanza linatoka na ukoko, akakohoa, akaanza upya. Chakula kilikuwa cha kubahatisha. Wanajumuiya walipogundua kwamba anashindia chai, jina lake likapelekwa kwenye Huduma ya Kaya.

Huduma ile ilikuwa ya parokia, na utaratibu wake haukuwa wa kugawa vitu na kuondoka. Kila kaya ilipewa mlezi. Mlezi anakuja kila wiki siku ileile, anakaa, anauliza, anafundisha. Mwanzo unaletewa chakula, halafu unapewa mradi, mwingine cherehani, mwingine mbegu za mchicha, mwingine kuku. Mradi ukishazaa, chakula kinakatwa kidogo kidogo. Mwisho nyumba inatangazwa kuwa imesimama. Hapo jumuiya nzima inakwenda pale, inaimba, na mwenye nyumba anatoa sehemu ya mradi wake kuipa nyumba inayofuata kwenye foleni, na yule mlezi anahamia huko. Nyumba iliyosimama haitembelewi tena. Ndiyo maana ya kusimama.

Mlezi wa Leonsia alikuwa Hellen, binti wa mwalimu mmoja wa Mkuyuni, mwembamba, mwenye pumu kidogo, hivyo alikuwa anasikika anapanda kabla hajaonekana. Leonsia akisikia ile pumzi nyuma ya jabali anaenda kuweka chai jikoni.

"Hodi. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu mwanangu, karibu ndani."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pumzika kwanza, mlima haukimbii."

Hellen anakaa kwenye kigoda kile cha Mutayoba, anapangusa jasho, halafu anaanza maswali aliyofundishwa kwenye kituo cha Huduma pale parokiani. Jana umekula nini? Maji yapo? Mguu unaendeleaje? Usingizi? Na la mwisho siku zote: mama, una neno lolote moyoni? Leonsia alijua fika kwamba maswali hayo anaulizwa kila mwenye mlezi, huko chini mpaka kando ya ziwa. Hakujali. Kwa wiki nzima hakuna mwingine aliyemuuliza jana amekula nini, na alikuwa analiandaa jibu tangu Jumanne. Hakusema tu ndizi. Alisema ndizi alizipata kwa nani, zilivyokuwa ngumu kuiva, na jinsi ndizi za sokoni siku hizi zinavyochumwa changa na watu wasio na huruma. Hellen anacheka. Akicheka anakohoa. Leonsia anamwongezea chai.

Wale kuku walimkubali. Kituo kilimpa mitetea wachache na jogoo mmoja, na Leonsia, mtu wa kutazama sana na kusema kidogo, akawajua kila mmoja kwa tabia. Alijifunza kuwapa chanjo ya kideri kwa tone la jicho, alishuka mwenyewe mwaloni kuokota chenga za dagaa na kuchanganya na pumba. Mayai akawa anayapeleka Mkuyuni kwa mama lishe wa chapati. Vifaranga wakakua, wakataga, wakaatamia. Ikafika siku Hellen akasimama mbele ya banda, mikono kiunoni, akasema kwa furaha tupu, "Mama, wewe unakaribia kusimama. Pasaka ikipita tu tunakuja kukuimbia."

Leonsia alitabasamu. Usiku ule hakupata usingizi mzuri.

Alishamwona aliyesimama. Pius, mshona viatu wa nyumba za katikati ya mlima, mgane, aliimbiwa mwaka uliotangulia, wakapiga vigelegele mpaka watoto wa shule wakaja kushangaa. Sasa Hellen akipita kwenye mlango wa Pius anapunga mkono na kuendelea kupanda. Pius naye anapunga, halafu anabaki ameshika sindano, anatazama njia. Leonsia aliyaona hayo kutoka juu. Kutoka juu kulionekana mengi.

Uongo wenyewe haukuanza kama uongo. Ilikuwa wiki ya pili baada ya Pasaka, utitiri umeingia bandani, na Leonsia akawahamishia kuku kwa Bernadeta ili apige chokaa na kufukiza. Ikaangukia Alhamisi. Hellen alipofika akakuta banda jeupe, wazi, majivu sakafuni, hakuna hata unyoya. Na wiki hizo kideri kilikuwa kimepita nyumba za chini kama fagio.

"Jamani mama," Hellen akasema, akashika kizingiti cha banda. "Wameisha wote?"

Leonsia alifungua mdomo. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Alisimama tu na ufagio mkononi, na yule binti akamkumbatia, akamwingiza ndani, akampikia yeye chai. Siku hiyo Hellen hakuangalia saa. Alikaa mpaka ziwa likabadilika rangi, wakasali rozari nzima pamoja, mmoja anaanza mwingine anaitikia, sauti mbili ndani ya nyumba ile. Alipokuwa anaondoka akasema, "Usijali mama. Tutaanza upya. Mimi nipo."

Mimi nipo. Leonsia alibaki nayo hiyo mpaka wiki iliyofuata. Na Alhamisi ilipofika, mikono yake ikachukua tenga kabla kichwa hakijaamua.

Hakukuwa na wa kumwona. Siku nyingine zote kuku walijichimbia uani nyuma ya majabali, na mpaka kule juu nani anapanda? Bernadeta alikuwa na yai lake. Mama lishe wa Mkuyuni hawakuwa wa jumuiya yake.

Basi akawa anaulizwa maswali kama zamani na kujibu kama zamani, ila sasa na shibe alitakiwa kuificha. Akiulizwa jana umekula nini anasema uji, naye amekula yai. Jambo la ajabu ni kwamba lile jibu refu la ndizi halikuwepo tena. Mtu anayechunga maneno hana hadithi. Hellen akaona ni huzuni ya kuku, akazidi kumhurumia, na Leonsia akazidi kuwa mfupi.

Mwezi wa sita Hellen akasema jambo, akichovya mkate kwenye chai, kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

"Kuna mama mmoja ananisumbua moyo, mama. Odeta. Amevuka kutoka Sengerema na watoto, mume alimwacha kwenye machimbo huko akatokomea. Amepanga kile chumba nyuma ya mashine ya kusaga."

"Mpeni basi mlezi."

"Mlezi si ndiyo mimi. Yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni yangu, anakungoja wewe usimame. Siyo kwamba nakuharakisha," akaongeza haraka, akamshika goti. "Kuku kufa siyo kosa lako."

Leonsia akainuka akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Alimjua Odeta. Kabla ya hapo hakujua jina, lakini alishamwona bombani, msichana mkubwa wa kimo mwenye kanga ya msiba wa mtu mwingine, mtoto mgongoni. Yule mtoto nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi, nyekundunyekundu, laini kama za mahindi. Mtu aliyekulia Muleba miaka ile ya shida hahitaji daktari kumwambia kwamba nywele hizo ni za njaa. Jioni moja Leonsia akafunga mayai kwenye kitambaa, akashuka mpaka kwenye mashine ya kusaga, akasimama. Halafu akawaza: ataniuliza mayai nimeyatoa wapi. Akarudi nayo juu. Njiani yai moja lilipasuka, likamchuruzikia kiganjani.

Jumapili ilipofika padre akanyanyua hostia, watu wakapanga mstari, Leonsia akabaki kwenye benchi. Jumapili ya pili hivyohivyo. Kwa mwanamke ambaye hakuwahi kukosa komunyo ila siku za matanga, benchi lile lilikuwa refu sana. Mama aliyekaa naye akamnong'oneza, "Mguu umekubana, nikuletee padre hapa?" Akatikisa kichwa. Angeweza kwenda kuungama. Lakini alijua padre atamwambia nini, atamwambia kawaambie, na alikuwa bado hajakubali kuwaambia, na hakuwa mtu wa kwenda kumdanganya Mungu kwenye kile kiti cha kitubio.

Ndipo likaja lile tangazo. Mwisho wa Misa, mzee Machibya, mwenyekiti wa jumuiya yao, mtu wa koti hata kwenye joto, alisimama akasema kituo kimeishiwa vifaranga mpaka mwakani, na kwamba jumuiya haiwezi kumwacha mjane wake akae na banda tupu. "Jumamosi hii asubuhi tunasali kwa mama Leonsia. Kila mtu aje na alichonacho. Mwenye mtetea, mwenye pumba, mwenye msumari. Tusimwache peke yake."

Watu wakageuka kumtazama kwa upendo. Leonsia akatazama magoti yake.

Wiki nzima alikuwa na nafasi ya kusema. Alhamisi Hellen alikuja, mchangamfu, ana mipango ya Jumamosi, akauliza, "Una neno lolote moyoni mama?" na Leonsia akajibu, "Sina, mwanangu." Ijumaa jioni akabeba tenga.

"Leo siyo Alhamisi," Bernadeta alisema, akiwa ndiyo kwanza anafika kutoka Igoma, viatu mkononi. "Wameongeza siku za kikao?"

"Kesho nina wageni."

"Wageni wa kanisa?"

"Ndiyo."

Bernadeta alimtazama, safari hii bila kicheko. "Mayu, mimi sijui mambo yenu. Lakini wewe unakonda na kuku wako wananenepa. Hiyo hesabu sijawahi kuiona."

Jumamosi walikuja mapema, kabla jua halijayapasha mawe. Chumba kikajaa, wengine wakakaa kizingitini, na Leonsia, aliyekuwa ameazima viti na mikeka, alijikuta anazunguka katikati ya miguu ya watu akitafuta pa kupita, na moyo wake, Mungu amsamehe, ulikuwa unafurahi. Nyumba ilinuka watu. Mtoto wa mtu alikuwa analia. Wazee wawili walibishana juu ya wimbo wa kuanzia. Alitamani wabishane mpaka jioni.

Wakasali, wakasoma somo, wakashirikishana. Halafu mzee Machibya akasema, "Sasa tutoe." Akaanza yeye na jogoo, kamshika miguu kichwa chini, jogoo anamkunjia koti. Pius akatoa mtetea mweusi na kusema ni mwepesi wa kuatamia. Mwingine pumba kwenye mfuko wa saruji. Mwingine kipande cha wavu. Walivipanga sakafuni mbele ya Leonsia, naye akawa anasema asante, Mungu akubariki, asante.

Wa mwisho aliinuka kutoka mlangoni. Alikuwa Odeta, mtoto mgongoni, na kwapani ana mtetea wa kijivu mwenye uzi mwekundu mguuni, amefungwa kama kuku wa safari.

"Mimi siyo wa siku nyingi kwenye jumuiya," akasema, sauti yake ndogo kuliko mwili wake. "Huyu nilivuka naye. Ni mmoja, mama, lakini anataga. Dada Hellen amenieleza yaliyokupata. Nikasema, mama huyu akipata wa kuanzia, atasimama upesi."

Watu wakaguna kwa kuguswa, mmm, kama wanavyoguna kwenye mahubiri mazuri. Hellen alikuwa anafuta macho. Odeta akainama amweke kuku kwenye mapaja ya Leonsia, na yule mtoto mgongoni akainama naye, zile nywele zikapita karibu kabisa na uso wa Leonsia.

"Usimweke," Leonsia akasema.

"Pokea tu, mama, nimetoa kwa moyo."

"Usimweke chini. Sistahili huyu kuku." Akanyanyua macho akamtafuta mzee Machibya, maana kumtafuta Hellen hakuweza. "Mwenyekiti, warudishieni watu vitu vyao. Kuku wangu hawakufa."

"Unasemaje mama?"

"Hawakufa hata mmoja. Wako jikoni kwa Bernadeta. Nawapeleka kila Alhamisi."

Kimya kilichoingia humo ndani Leonsia alikitambua, kilikuwa kilekile cha siku zote, ila safari hii kimejaa watu. Pius na kijana mwingine wakatumwa. Wakasikika uani kwa jirani, halafu sauti ya Bernadeta, ambaye Jumamosi ile alikuwa amechelewa kushuka: "Haya wachukueni, kikao kimefungwa. Ila yule mwekundu ametaga asubuhi, na leo siyo Alhamisi, mwambieni yai lake lipo." Mtu mmoja akacheka, akaacha katikati.

Tenga lilipoingia, likafuatwa na tenga la pili ambalo ilibidi Bernadeta aliazimishe, kila mtu aliona mwenyewe. Kuku wazito, wanang'aa.

Mzee Machibya alikohoa. Alikuwa mtu wa taratibu, na siku taratibu zinapokuwa ngumu ndipo anapozishika zaidi. "Basi," akasema, "kwa utaratibu wetu, hii ni nyumba yenye mradi unaozaa. Mengine ni ya mama na Mungu wake. Nyumba hii imesimama. Tumshukuru Mungu."

Na kwa kuwa nyumba iliyosimama huimbiwa, wakaimba. Mwanzo kwa kusitasita, kila mmoja anamsikilizia mwenzake, halafu wimbo ukawabeba, nyimbo ndivyo zilivyo, makofi yakaingia, bibi mmoja asiyesikia vizuri akapiga kigelegele kirefu cha furaha ya kweli. Leonsia alisimama katikati kama wanavyosimama wanaoimbiwa. Walipomaliza wakachukua kila mtu chake, jogoo, wavu, pumba, wakampa mkono mmoja mmoja na kutoka. Wengine walimshika vizuri. Wengine walimgusa vidole.

Pius alikwishachagua mitetea na jogoo wa kupelekwa kwenye nyumba inayofuata, akatangulia nao kuelekea kwenye mashine ya kusaga.

Hellen alibaki amekaa kwenye kigoda. Hakuwa analia tena.

"Nilikulilia wale kuku, mama," akasema. "Nilifika nyumbani siku ile nikalia mpaka baba akaniuliza nani kafa."

"Najua."

"Kwa nini usiniambie tu kwamba unataka nije?"

Leonsia alikunja pindo la kanga aliyokuwa hajaivua tangu alfajiri, akalikunjua. "Ningekuambia, ungekuja?"

Hellen akafikiri. Alikuwa binti mkweli, ndiyo maana alimpenda. "Mara moja moja," akasema. "Nina nyumba nyingi, mama. Mlima huu unaniua kifua. Nadhani ningekuja mara mbili, tatu, halafu..."

"Ndiyo hivyo mwanangu."

"Una..." Hellen alianza, mdomo umezoea, akajizuia. Swali lile sasa lilikuwa la mtu mwingine. Akainuka, akamwinamia. "Shikamoo mama," akasema, ingawa walishasalimiana, na Leonsia akamwitikia marahaba. Yule binti akatoka akaenda kumngojea Odeta njiani, pumzi yake ikisikika nyuma ya jabali, kisha chini kidogo.

Odeta alikuwa bado hajatoka. Alikuwa amesimama karibu na mlango muda wote ule, yule kuku wa kijivu amemrudisha chini miguuni pake wakati wa kuimba, na Leonsia alikuwa amemsahau, au alijitahidi kumsahau.

"Keti, mama," Leonsia akasema. "Kuna chai. Mtoto nimwekee yai, yapo ya leo."

Odeta hakukaa. Alikuwa anamtazama kama mtu anayesoma kibao cha mbali.

"Dada Hellen alikutajia jina langu?"

"Alinitajia."

"Lini?"

"Mwezi wa sita."

"Kwa hiyo ulijua anayengoja ni mimi. Pale bombani, ukinisalimia. Ulijua."

Kulikuwa na maneno mengi ambayo Leonsia angeweza kuyasema hapo. Kwamba alishuka na mayai mpaka mashineni. Kwamba aliacha komunyo. Kwamba nyumba ikiwa juu namna hii upepo wa usiku unaongea na mtu. Yote yalikuwa kweli, na yote yakamjia hadi mdomoni, na alipomtazama yule mtoto aliyelala, shavu limebanwa kwenye mgongo wa mama yake, akayaacha.

"Nilijua," akasema.

Odeta akaikaza kanga iliyombeba mtoto, akainama bila kupepesuka, akamwokota kuku wake. Akamweka kwapani, akamfunika macho kwa kiganja ili asishtuke na jua, akavuka kizingiti, akaanza kushuka.